Kinanda cha MIDI bila kompyuta: njia ipo, tena zaidi ya moja

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wilayani Mufindi. Nimenunua kinanda cha MIDI chenye vibonyezo 61 kwa kijana aliyefunga studio yake. Vibonyezo vyake ni vizuri kuliko vya kinanda chetu, lakini hakina spika wala tundu la hedifoni, na nikikichomeka kwenye chaja ya simu taa zinawaka tu bila sauti. Nyuma kina tundu la USB na tundu la duara la pini tano lililoandikwa MIDI OUT. Fundi alinitengenezea waya kutoka tundu hilo la duara hadi kwenye miksa, tukasikia mkwaruzo tu. Yeye anasema kimeharibika, na mwingine anasema bila kompyuta hakina kazi. Kompyuta hatuna na mwaka huu hatutaipata. Tunayo miksa, spika mbili, simu yangu ya Android, na kinanda cha zamani cha Yamaha PSR chenye matundu ya MIDI, ambacho vibonyezo kadhaa vya katikati vimekufa. Umeme nao hukatika. Je, nimetupa hela za wanakwaya?"

Marahaba, Mwalimu. Hela hamjazitupa, na kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kuamini kwamba kinanda hicho kimeharibika. Taa kuwaka bila sauti ndiyo hali ya kawaida ya kinanda cha aina hiyo kikiwa peke yake, kwa kuwa ndani yake hakuna sauti hata moja iliyohifadhiwa. Fundi wa kwanza ameona kimya akadhani ni ubovu; wa pili ameona vijana wote wa studio wakitumia kompyuta akadhani kompyuta ni sharti. Nitaanza na kinachopita ndani ya ule waya, maana ukikielewa hicho utaweza kuamua mwenyewe hata utakapokutana na kifaa ambacho mimi sikukitaja, kisha tutapima njia ambazo vifaa vyake kwa sehemu kubwa mnavyo tayari.

MIDI ni maagizo, haina sauti ndani yake. Wewe unafundisha kwaya, kwa hiyo fikiria karatasi ya solfa: imeandikwa noti ipi iimbwe, kwa muda gani na sauti ya ngapi, lakini karatasi yenyewe haiimbi, na hata ukiisogeza karibu na maikrofoni haitatoa kitu mpaka wapatikane waimbaji. Ukibonyeza C ya katikati, kinanda chako hutuma ujumbe mfupi wenye sehemu tatu: kwamba noti imeanza kwenye chaneli fulani kati ya chaneli 16, kwamba noti hiyo ni namba 60, na kwamba kidole kimeshuka kwa kasi fulani, iliyopimwa kwa namba isiyozidi 127. Ukiachia kibonyezo hutumwa ujumbe mwingine wa kuizima noti. Iwapo noti hiyo itasikika kama piano, kama filimbi au kama ngoma, hilo huamuliwa na kifaa kinachoupokea ujumbe.

Sasa utaona kwa nini miksa yenu ilikwaruza. Katika lile tundu la pini tano ujumbe husafiri kama mkondo mdogo wa umeme, kama miliampia 5 hivi, unaowashwa na kuzimwa kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, kiasi kwamba ujumbe mzima wa noti moja humalizika kabla ya milisekunde 1 kutimia. Miksa hutarajia wimbi la sauti, kwa hiyo mfululizo huo mfupi huusikia kama "tak" tu. Kama mkwaruzo ule ulikuwa ukitokea kila mlipobonyeza, basi mlichosikia ni dalili ya uzima: kinanda kilikuwa kinatuma maagizo yake vizuri kabisa, ila kwa asiyeyasoma. (Vinanda vingine hutuma pia ishara ya "bado nipo" mara kwa mara hata usipogusa kitu, kwa hiyo mkwaruzo usiokoma nao usikutishe.) Waya huo uwekeni kando, hasa kama uliingia kwenye tundu la maikrofoni la miksa inayoweza kutoa volti 48 za kulishia maikrofoni za kondensa, kwa sababu volti hizo ndizo zinazoweza kuumiza tundu la MIDI.

Kuhusu kompyuta kuwa sharti, historia yenyewe inakataa. MIDI ilioneshwa hadharani mara ya kwanza Januari 1983 kwenye maonesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko Anaheim, California, pale vinanda viwili vya makampuni mawili yanayoshindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vilipounganishwa kwa waya, kimoja kikapigwa na kingine kikaitikia. Hapakuwa na kompyuta katikati. Kompyuta ilikuja kuzoeleka baadaye, na tundu la USB likaja baadaye zaidi, hata leo mtu anayenunua kinanda kidogo cha studio hudhani mambo hayo yalizaliwa pamoja.

Kompyuta ya studio humfanyia mpiga kinanda kazi tatu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa huzifanya kimyakimya watu huziona kama kazi moja. Kwanza humpa kinanda umeme wa volti 5 kupitia USB. Pili huwa mwenyeji wa USB: katika mfumo wa USB upande mmoja lazima uwe mwenyeji anayeanzisha na kusimamia mazungumzo, na upande wa pili huwa mgeni anayejibu tu, kinanda chako ni mgeni, na wageni wawili ukiwaunganisha hawatasemezana hata siku moja. Tatu huwa na programu inayogeuza maagizo kuwa sauti na kuipeleka kwenye spika. Swali lako kwa hiyo linakuwa jepesi: nani kati ya vifaa mlivyonavyo anaweza kufanya kazi hizo? Umeme unatoka kwenye chaja ya simu, hilo umeshaliona. Uenyeji wa USB hauhitajiki kabisa ukitumia tundu la duara, kwa kuwa lenyewe hutuma tu bila kuombwa. Kinachobaki ni mtoa sauti, na huyo mnaye ndani ya kile kinanda mnachokiona kibovu.

Yamaha yenu imekufa vibonyezo. Sehemu inayotengeneza sauti, kwa maelezo yako, ni nzima. Vinanda vingi vya PSR vya miaka ya 1990 vilikuwa na matundu mawili ya duara nyuma, MIDI IN na MIDI OUT. Unachohitaji ni waya mmoja wa MIDI, unaotoka MIDI OUT ya kinanda kipya na kuingia MIDI IN ya Yamaha. Zingatia maneno hayo, maana kosa la kuunganisha OUT na OUT ndilo ninalokutana nalo kuliko yote: haliharibu kitu, lakini halitoi sauti, na watu hukata tamaa hapo. Sauti nayo itatoka kwenye tundu la hedifoni au la sauti la Yamaha kwenda kwenye miksa kama mnavyofanya siku zote.

Waya wa MIDI huuzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki, na fundi wako anaweza pia kuutengeneza, kwa kuwa kati ya pini tano ni tatu tu zinazotumika: ya 4 iende kwenye ya 4, ya 5 kwenye ya 5, na ya 2 kwenye wavu wa nje unaokinga waya; ya 1 na ya 3 ziachwe. Namba hizo hazijapangwa kwa mfuatano wa macho, bali zimechorwa ndogo kwenye plastiki ya plagi yenyewe, kwa hiyo azisome hapo, asihesabu kutoka kushoto. Nyaya za radio za zamani zenye plagi ya namna hiyo msizitumie bila kuzipima, kwa sababu nyingine huingia vizuri ilhali ndani zimeunganishwa kwa mpangilio tofauti. Urefu usizidi mita 15.

Mkishaunganisha, washeni Yamaha, punguzeni sauti ya miksa, kisha chomekeni kinanda kipya kwenye chaja. Hakikisheni kinatuma kwenye chaneli ya 1. Ukibonyeza ukasikia ngoma na matoazi badala ya piano, usishangae: kwa kanuni ya General MIDI, iliyotolewa mwaka 1991, chaneli ya 10 imetengwa kwa ajili ya ngoma, na kinanda cha studio mara nyingi huwa kimeachwa hapo na mwenyewe wa kwanza. Jambo lingine linalochanganya ni kwamba baadhi ya vinanda hupokea maagizo ya nje katika sehemu tofauti na ile unayoichagua kwa vibonye vya mbele, kwa hiyo unaweza kuchagua ogani kwenye Yamaha huku kinanda kipya kikiendelea kutoa piano. Tiba yake ni kutuma namba ya sauti kutoka kinanda kipya. Kijitabu cha maelekezo kitakuonesha kibonyezo cha kufanya hivyo, na fahamu kwamba vifaa vingine huhesabu sauti kuanzia 0 na vingine kuanzia 1, kwa hiyo ukiagiza ogani ukapata jirani yake, ongeza moja au punguza moja.

Ikitokea noti imeng'ang'ania na inalia bila kukoma, maana yake ujumbe wa kuizima ulipotea njiani, pengine waya ulitikiswa. Vinanda vingi vya MIDI vina namna ya kutuma agizo la kuzima noti zote. Kama chako hakina, zima Yamaha na kuiwasha tena. Jizoezeni hilo kabla ya ibada, si wakati wa wimbo wa toba.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo muuza vifaa hatakwambia. Vibonyezo vilivyokufa kwenye kinanda cha plastiki mara nyingi havijafa. Chini ya kila kibonyezo kuna mpira mwembamba wenye tone jeusi la kaboni linalogusa mistari ya umeme kwenye bodi, na vumbi au unyevu vikiingia hapo mguso hukatika. Fundi mwangalifu anaweza kufungua kinanda, kusafisha sehemu hizo kwa spiriti safi ya isopropili na pamba isiyoacha nyuzi, akasubiri pakauke na kufunga. Huenda Yamaha ikapona yote, nanyi mkabaki na vinanda viwili, kimoja cha piano na kingine cha sauti za nyuzi. Hata hivyo msiifungue kabla ya kujaribu njia ya waya, maana kazi hiyo ina skrubu nyingi na utepe mwembamba wa nyaya unaokatika kwa haraka ya mtu mmoja.

Njia ya pili ni simu yako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayosifiwa sana na ndiyo inayowaangusha wengi. Simu ina uwezo wa kufanya kazi zote tatu: inaweza kutoa umeme wa USB, inaweza kuwa mwenyeji, na ina programu za kutengeneza sauti. Android iliwekewa msaada wa MIDI kuanzia toleo la 6, la mwaka 2015, ingawa watengenezaji wa simu hawakulazimishwa wote kuuweka. Ili simu iwe mwenyeji unahitaji adapta ya OTG, ile ndogo ambayo upande mmoja huingia kwenye tundu la chaji la simu na upande wa pili una tundu pana la USB la kupokea waya wa kinanda. Waya wa kawaida wa kuchajia haufai hata ukibadilishiwa ncha. Kwenye simu za tundu dogo la zamani, plagi ya OTG ina pini ya ziada iliyounganishwa na upande hasi, na simu ikiiona pini hiyo hutambua kwamba sasa yenyewe ndiyo mwenyeji. Kwenye tundu la USB-C kazi hiyo hufanywa na kizuizi kidogo cha umeme ndani ya plagi. Pasipo alama hiyo simu hungoja kuchajiwa, kinanda nacho hungoja kulishwa, na wote wawili hukaa kimya.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kinanda: chomeka flashi kwenye adapta hiyo. Simu ikisoma mafaili ya flashi, uenyeji upo. Isiposoma, ingia kwenye mipangilio utafute neno OTG, kwa kuwa simu za makampuni kadhaa, OPPO na Vivo zikiwamo, zimeweka swichi ya kuiwasha, na huizima zenyewe baada ya dakika kama 10 zisipoona kifaa. Flashi ikisomwa lakini kinanda kisionekane, huenda kinanda chako kinadai programu yake maalumu ya kompyuta; vilivyotengenezwa kwa kufuata kanuni ya pamoja ya USB-MIDI, ambavyo kwenye boksi au kijitabu huandikwa "class compliant", hutambuliwa bila kuongezewa kitu, na vinanda vingi vya miaka ya karibuni viko hivyo.

Kuhusu programu, nyingi zilizopo za bure zimetengenezwa kwa ajili ya watoto kubonyeza kioo, kwa hiyo usichague kwa picha nzuri. Angalia mambo mawili: kama inapokea MIDI kutoka nje, na kama inakuruhusu kupakia mafaili ya sauti ya SoundFont, yale yanayoishia na SF2. Faili moja la aina hiyo likiwa na ukubwa wa megabaiti makumi machache tu huweza kubeba sauti zote 128 za General MIDI pamoja na ngoma, na likishaingia kwenye simu halihitaji tena intaneti. Ukiwa mtu wa kutunga, FL Studio Mobile ya kulipia inafaa. Wenye iPhone wana GarageBand bila malipo. Zile za tundu la Lightning zinahitaji adapta ya kamera ya Apple, na kuanzia iPhone 15 tundu ni USB-C.

Sasa tatizo lenyewe: ucheleweshaji. Simu haitoi sauti noti kwa noti. Hukusanya vipande vya sauti kwenye hifadhi ndogo ya muda ndipo ivisukume nje. Hifadhi hiyo ikiwa ya sampuli 256 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha wimbi la sauti), na simu ikitoa sampuli 48,000 kwa sekunde, kusubiri ni milisekunde 5 na kidogo; ikiwa 1,024 ni milisekunde 21, na simu dhaifu huongeza nyingine juu yake. Sauti nayo husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3, kwa hiyo mpiga kinanda aliyekaa mita nne kutoka kwenye spika amekwishacheleweshwa milisekunde 12 kabla simu haijahesabiwa. Chini ya milisekunde 10 kidole hakihisi kitu; zikifika 30 hivi utajikuta unavuta wimbo nyuma bila kujua sababu, na kwaya itavutika nawe. Punguza ukubwa wa hifadhi hiyo kwenye mipangilio ya programu hatua kwa hatua mpaka sauti ianze kupasuka, kisha rudi hatua moja. Wala usitume sauti kwa Bluetooth, iwe kwenye spika au hedifoni, kwani hiyo peke yake kwa kawaida huongeza zaidi ya milisekunde 100, na hapo hakuna mpigaji anayeweza kwenda sawa.

Kutoka kwenye simu hadi miksa tumia waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na jeki kubwa mbili za mono upande wa pili, kila moja kwenye chaneli yake. Nimeona makanisa mengi yakitumia jeki moja kubwa ya stirio kwenye chaneli moja, kisha wakilalamika kwamba piano "haina tumbo". Sababu ni kwamba tundu la miksa lenye uwiano huchukua upande mmoja wa waya na kuutoa kutoka kwa mwingine, hivyo kila kilicho sawa kushoto na kulia hufutika, na hubaki mabaki ya pembeni. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, tundu la USB-C litabidi lifanye kazi mbili, na utahitaji kitovu cha USB chenye tundu la sauti au kadi ndogo ya sauti ya USB. Gharama inaanza kupanda, na viungo vya kulegea vinaongezeka.

Utakutana pia na mngurumo. Simu ikichajiwa kutoka umeme uleule wa miksa, mara nyingi spika huvuma, na chaja ikichomolewa mvumo hukata. Tumia simu ikiwa na chaji kamili, bila kuichaji wakati unapiga, au tumia kisanduku cha DI chenye transfoma kinachotenganisha simu na miksa. Kumbuka pia kwamba simu ndiyo inayolisha kinanda, kwa hiyo betri itashuka haraka kuliko ulivyozoea. Weka simu kwenye hali ya ndege, zuia kioo kisijizime, na uiondoe ile programu kwenye orodha ya zinazobanwa kuokoa betri. Mlio wa WhatsApp katikati ya ushirika mtakatifu husikika hadi kwa watoto walioko nje.

Njia nyingine nitazipitia kwa haraka kwa faida ya wasomaji ambao kinanda chao kina USB tu. Wao wakitaka kukiunganisha na kinanda cha zamani chenye MIDI IN wanahitaji kisanduku kidogo cha uenyeji wa USB-MIDI, ambacho hupokea USB upande mmoja na kutoa pini tano upande wa pili. Kisanduku hicho hakitoi sauti, ni mkalimani tu, na hukubali vinanda vinavyofuata ile kanuni ya pamoja. Wasijaribu kuunganisha kinanda cha MIDI na Yamaha mpya kwa waya wa USB: tundu lililoandikwa USB TO HOST ni la mgeni kama lao, na lile la USB TO DEVICE kwa kawaida limewekwa kwa ajili ya flashi. Kuna visanduku vya sauti vya zamani visivyo na vibonyezo, kama Roland SC-55 ya mwaka 1991, ambavyo ukivipata vizima hufanya kazi vizuri hadi leo. Kuna pia Raspberry Pi yenye programu ya FluidSynth, ambayo wenye kupenda ufundi huisifu, na mimi mwenyewe naipenda, lakini hiyo ni kompyuta iliyovuliwa nguo, na siku ikigoma kuwaka saa tatu asubuhi hakuna shemasi atakayeweza kuiamsha.

Ukiniuliza mimi, kwa ibada ya kila Jumapili chagua waya wa pini tano na Yamaha. Sauti zake ni za zamani, sikatai, na piano ya SoundFont nzuri kwenye simu itaizidi utamu. Lakini Yamaha haina ujumbe unaoingia, haina betri inayoshuka wala ucheleweshaji wa kukusumbua, na mtu yeyote anaweza kuiwasha. Simu iweke kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani na hedifoni, na ukishaizoea kwa muda mrefu bila kukwama ndipo uipeleke kanisani. Kwa msomaji ambaye bado hajanunua, ushauri wangu ni tofauti kabisa: kama hamna kompyuta na shida yenu ni kinanda cha ibada, nunueni kinanda chenye sauti zake na spika zake, hata kama vibonyezo vyake si vizuri kama vya studio.

Umeme ukikatika, kinanda kipya kinaweza kulishwa na powabenki, ila nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta mkondo mdogo, kwa hiyo ijaribuni kwa nusu saa nzima kabla ya kuitegemea. Yamaha huenda ina sehemu ya betri chini yake. Ikaguliwe isiwe na kutu ya betri za zamani. Kama mtanunua adapta yoyote mpya, linganisheni volti na alama ya chanya na hasi iliyochorwa pembeni mwa tundu, kwa sababu plagi ya duara inayoingia vizuri si lazima iwe na upande chanya mahali panapotakiwa, na kosa hilo moja huua kinanda.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo mtafute fundi wa vyombo vya muziki au wa mitambo ya sauti aje aone kwa macho. Mpigaji akihisi umeme ukimchoma vidoleni anapogusa kinanda na maikrofoni pamoja, zimeni kila kitu na msiendelee mpaka nyaya za jengo na ardhi yake zipimwe. Hilo ni suala la fundi umeme kabla halijawa la muziki. Usimruhusu mtu kufungua kinanda kipya ili "akiwekee spika", kwa kuwa hakuna sauti ndani ya kupeleka kwenye spika hiyo. Na kama mmefuata njia zote mbili, waya na simu, kinanda kikabaki kimya, kipeleke kwenye shule yoyote yenye kompyuta, ukichomeke kwa USB na kuangalia kama jina lake linatokea kwenye orodha ya vifaa. Likitokea, kinanda kinazungumza kwa USB, na tatizo litafutwe kwenye waya, adapta, chaneli au tundu lenyewe la duara. Lisipotokea hata kwa waya mwingine wa USB, hapo ndipo nitakubaliana na yule fundi wa kwanza, na utakuwa na haki ya kumrudia aliyekuuzia.